Gitaa Chini ya Wimbo wa Mazishi

Jussara Pimenta alikuwa mwalimu wa udereva siku za kazi na mpiga gitaa la roki nzito wikendi, na hakuna kati ya kazi hizo mbili iliyomfundisha kuvumilia watu waoga. Kwa hiyo siku mwanafunzi mpya, Ivone, alipoingia kwenye gari la shule ya udereva kwa mara ya kwanza, akazima injini mara tatu kabla hata ya kutoka getini, Jussara aliwasha redio ili asije akamtukana. Redio ikalipuka. Ngoma zikavurumishwa, magitaa yakanguruma, na mtu akaanza kubweka kama aliyefungiwa kisimani.

Wanafunzi wengine wangeomba sauti ipunguzwe. Ivone aliachia usukani kabisa, wakiwa wameshafika katikati ya mteremko mmoja wa jiji la Belo Horizonte, Brazili, akauliza, "Huyo anayepiga ngoma ana miguu mingapi?"

"Miwili kama wewe, ila yeye anajua kuitumia. Kanyaga breki, bibie!"

Urafiki wao ulianzia hapo. Ivone alipiga viola, dada mkubwa wa fidla, katika okestra ya jiji, kiti cha nyuma kabisa, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, hata akisinzia hakuna atakayejua isipokuwa jirani yake. Leseni hakuipata kamwe. Alichopata ni Jumapili za kwa Jussara, juu ya paa la nyumba yake mtaa wa Santa Tereza. Jussara alipika kuku wa bamia na angu, ule ugali laini wa mahindi, Ivone alileta mikate midogo ya jibini ambayo daima ilifika imepoa, na kila mmoja alikuja na muziki mmoja anaoupenda. Sheria ilikuwa kutosema neno mpaka muziki uishe.

Ukishaisha, hawakuoneana huruma.

"Huyu wako anapayuka kwa sababu hana la kusema," Ivone alisema mara moja, akinyonya mfupa.

"Na wako analia saa nzima kwa ajili ya binti wa mfalme ambaye hata salamu hakuwahi kumpa. Akaoge, alale."

Lakini mambo yalikuwa yanawaingia. Ivone alianza kusikia ufundi ndani ya zile kelele, akawa anakuja na mabendi ambayo Jussara mwenyewe hakuyajua. Naye Jussara akaanza kufungulia muziki wa fidla wa watunzi waliokufa zamani ndani ya gari la shule, mpaka wanafunzi wakadhani kafiwa. Kulikuwa na kipande kimoja cha fidla na viola, cha polepole, alichokisikia mara ya kwanza akiosha vyombo. Maji yaliendelea kutiririka, naye amesimama na sufuria mkononi, akimkumbuka baba yake aliyekufa kabla hawajapatana. Hilo hakumwambia mtu isipokuwa Ivone.

Siku moja Ivone alileta wimbo wa misa ya wafu kutoka mji mmoja wa kale wa migodi ya dhahabu. Ulitungwa zama za utumwa na mwanamuziki mweusi wa kanisani, ambaye jina lake mchwa walilila kwenye karatasi. Sauti nne, fidla mbili, basi. Wimbo ukaisha. Jussara aliinuka akaleta gitaa, akalichomeka kwenye spika ndogo, akauanzisha wimbo upya, na chini yake akaweka mngurumo mzito wa taratibu, kama jeneza linaloburutwa juu ya mawe.

Ivone akaweka uma chini. "Rudia."

Waliufanyia kazi miezi mingi. Jussara hakujua kusoma noti. Yeye alipiga, Ivone akaandika. Fidla ziingie wapi, gitaa linyamaze wapi, ngoma zisubiri mpaka lini. Waligombana juu yake kama wazazi wanaogombea jina la mtoto. Nivaldo, mwokaji mikate, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya Jussara, Osso Seco, yaani Mfupa Mkavu, bendi iliyozeeka katika baa zile zile za mtaani.

Ivone ndiye aliyeupeleka kwa kiongozi wa okestra, maestro Veiga. Naye Veiga, mtu wa kuonjaonja mambo, akawaita Mfupa Mkavu kwenye mazoezi. Nivaldo alikwenda na unga kwenye nyusi. Wapiga fidla wawili walijiziba masikio kabla gitaa halijalia. Lakini wimbo ulipofika pale ngoma zinapoingia, hata hao wawili walikuwa wameshusha mikono. Veiga aliwashika mikono wote, mmoja mmoja.

"Tutawapigia simu," alisema.

Hawakupigiwa. Na Jumapili hiyo Ivone hakuja, akasema ana mafua. Jumapili iliyofuata akawa na mazoezi, iliyofuata tena akawa na mgeni kutoka mji wa Uberaba. Jussara alimpelekea ujumbe wa matani: "Shoga, au kuku wangu ana sumu?" Jibu lilikuwa kicheko kilichoandikwa, bila neno.

Jussara aliliona bango akiwa kazini. Mwanafunzi wake alikuwa amesimama vizuri kabisa kwenye taa nyekundu, na pembeni, kwenye kituo cha basi, palikuwa na picha ya okestra ya jiji pamoja na bendi moja kubwa ya São Paulo, wanaume wanne wenye nywele zilizotunzwa. Chini yake: *Misa ya Wafu kwa Okestra na Magitaa, mpangilio wa muziki: Ivone Salgado.*

"Mwalimu, taa ni ya kijani," mwanafunzi akasema.

"Naona."

Jioni hiyo Jussara alibisha kwa Ivone. Ivone alifungua mlango akiwa na viola mkononi, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Ulijua tangu lini?" Jussara akauliza, bado yuko mlangoni.

"Tangu wiki ile ya mazoezi." Ivone alirudi nyuma hatua moja. "Veiga alisema bendi yenu haitajaza hata safu tatu. Wale wa São Paulo wanajaza uwanja wa mpira. Ningefanya nini, Jussara? Ningekataa, wangeufungia kabatini, usisikike kabisa."

"Ungekataa, basi. Ukakae kabatini."

"Miaka yote hii nimekaa kiti cha nyuma," Ivone akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza jina."

"Na sasa wamekuuliza."

"Ndiyo."

"Ukawapa la kwako tu."

Ivone akasema haraka haraka, "Naweza kumwomba aongeze kwenye kijitabu cha onyesho. Aandike, 'kutokana na wazo la Jussara Pimenta'."

"Wazo? Wazo ni mtu kufikiria kununua vitunguu, Ivone. Mimi nilipiga gitaa. Wewe ulikuwepo, umekaa mbele yangu, mdomo umejaa."

Ivone alijaribu kumshika mkono. Jussara akauvuta, akashuka ngazi.

Siku ya onyesho alikwenda. Aliketi juu kabisa, karibu na dari, na alikwenda kwa nia moja: kusikia mambo yakiharibika. Alitaka gitaa lipwaye, waimbaji wapotee, watu wakohoe. Wimbo ukaanza. Sauti nne zikapanda, na chini yake ukaja ule mngurumo, wake, kila kituo na kila pumzi mahali alipoiweka, ila kijana wa São Paulo aliupiga kwa usafi ambao vidole vya Jussara havijapata kuwa nao. Hakuna aliyekohoa. Mzee aliyekaa kando yake alivua miwani, akajifuta macho. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko ulivyopata kuwa juu ya paa lake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote. Watu waliposimama kupiga makofi, Veiga alimnyooshea Ivone mkono, Ivone akainuka kutoka kiti cha nyuma, amejaa machozi, akitazama huku na huku juu kwenye viti kama anayetafuta mtu. Jussara akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Kijitabu hakikuwa na jina lake. Hakuuliza kama Ivone aliomba au la.

Baada ya hapo Ivone aliendelea kumtumia muziki kwa simu kila Jumapili. Jussara hakuufungua hata mmoja, lakini hakuufuta.

Miezi kadhaa baadaye, Mfupa Mkavu walipiga Jumamosi alasiri kwenye baa yao ya siku zote. Nivaldo ndiye aliyeshikilia waupige ule wimbo. "Ni wetu," alisema. "Tutauacha ufe kwa ajili ya nani?" Waliupiga bila waimbaji na bila fidla, spika moja ikikwaruza. Watu walisikiliza, wengine wakaacha kunywa. Ulipoisha, kijana mmoja mwenye fulana nyeusi alisogea hadi jukwaani na bia yake, uso umemchangamka, akiwatakia mema kabisa.

"Mmeiga vizuri, mama," alimwambia Jussara. "Si kama ile ya okestra, lakini mmejitahidi."

Nivaldo alishainuka nyuma ya ngoma zake. "Wewe mtoto, sikiliza nikuambie..."

"Kaa, Nivaldo," Jussara akasema.

"Lakini huyu hajui..."

"Kaa chini."

Akamgeukia kijana, akamshukuru, kisha akainamia gitaa kuukaza uzi uliolegea, na kuwaambia wenzake waanze wimbo mwingine.