Chini ya Lori la Buluu

Enoka wa Ihanda alivaa koti lake la harusi kwenda kununua gari, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza. Alitaka wauzaji wa Tunduma wamwone mtu mzima, mwenye shamba la kahawa na ndoa ya kanisani, wasimletee mchezo. Nao walimwona vizuri sana. Waliona koti jeusi lililopigwa pasi, wakajua mtu huyu hatapiga goti mavumbini kukagua chochote.

Ulikuwa mwaka 1953, msimu wa mavuno ya kahawa huko Mbozi. Lori lake la zamani lilikuwa limekata roho kwenye mpando wa Mlowo, injini imepasuka na mafuta yametapakaa barabarani. Kwa miaka sita Enoka alikuwa amebeba kahawa ya majirani zake hadi Mbeya, na majirani walimpenda, lakini mapenzi hayabebi magunia. Walimwambia kwa upole kwamba wangemngoja hadi Jumatatu. Jumatatu ikimkuta hana gari, kazi angepewa mtu wa Mbeya mwenye malori mawili. Basi Enoka akauza ng'ombe watatu, akaongezea akiba yote ya nyumbani, ikapatikana bei ya gari moja kuukuu. Ya kukosea haikuwapo.

Alfajiri ya Ijumaa alipoondoka, Tabita mkewe alimsindikiza mpaka barabarani na kumwambia neno moja tu.

"Baba Danford, usinunue rangi."

Enoka akacheka. Alikuwa dereva wa miaka sita, yeye si mtoto.

Tunduma siku hiyo kulikuwa na malori mawili ya kuuzwa. La kwanza lilikuwa la kijivu, mali ya mzee Abrahamu, aliyekuwa dereva wa misheni kabla ya kustaafu. Mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa kamba na honi haikulia. Enoka alipouliza habari zake, mzee akaanza kutaja kasoro kana kwamba yuko kitubioni: linakunywa oili, asubuhi ya baridi linagoma mpaka lizungushwe hendeli mara tano, kiti cha dereva kinachoma makalio. Enoka akaudhika. Muuzaji gani huyu asiyejua hata kusifu mali yake? Akamwambia atazunguka kidogo, kisha akaenda zake kwa hatua za mtu ambaye harudi.

La pili lilikuwa la buluu, limeegeshwa mbele ya duka la Raphaeli, likitazamana na soko. Raphaeli alikuwa mfanyabiashara mwenye maneno ya kila kabila. Alimsalimu Enoka kwa Kinamwanga, akamkaribisha kwa Kibemba, akamletea na chai. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na lori lile lilitembezwa na mdomo wa Raphaeli kutoka taa za mbele mpaka ubao wa nyuma. Enoka naye alikagua. Alipiga matairi teke, akafungua boneti, akaisikiliza injini ikinguruma, na kwa kweli ilinguruma vizuri. Kisha akabonyeza honi. Ilikuwa honi nene, yenye heshima, na soko zima liligeuka. Akajiona akiingia Ihanda Jumapili watu wakitoka ibadani, na tangu hapo akili yake ikahama kichwani ikaenda kukaa kwenye honi. Bei iliyotajwa ililingana kabisa na fedha aliyokuwa nayo, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu mwingine yeyote. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Ndipo alipomwona mkwewe.

Mama yake Tabita alikuwa akiishi upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kwa mwanawe wa kiume, na siku za soko alivuka kuja kuuza karanga. Sasa inajulikana kwamba kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawapiti njia moja. Anayemwona mwenzake mapema ndiye anayepisha, na mkwe huyu alisifika kwa kupisha. Angemwona Enoka umbali wa shamba zima, angekohoa na kugeukia pembeni. Siku hiyo hakukohoa. Alikuja moja kwa moja, kitambaa chekundu kichwani, macho chini, kana kwamba mbele yake hakuna mtu.

Enoka alitafuta pa kwenda. Kushoto ukuta, kulia Raphaeli na sinia la chai, nyuma mlango wa duka uliojaa wateja. Aibu ilimshika shingoni. Hakuwaza koti wala fedha. Alijitupa chini, akajiviringisha uvunguni mwa lori la buluu, akatulia.

Miguu ya mkwe ikafika, ikasimama kando ya gurudumu.

Enoka alingoja iondoke. Haikuondoka. Akaanza kukasirika kimyakimya: mwanamke mzima, mjuzi wa mila, amesahau nini leo? Na kwa kuwa hata kuikodolea macho miguu ya mkwe ni utovu wa adabu, hakuwa na la kufanya ila kulala chali na kutazama juu.

Juu yake kulikuwa na chesisi, uti wa mgongo wa lori, na uti huo ulikuwa umevunjika. Ufa ulipita pande zote mbili, umeungwa kwa vipande vya chuma na bolti, kisha ukapakwa lami ili ufanane na kwingine. Enoka alipitisha kidole. Lami ilibanduka, na kidole kikaingia ufani hadi kwenye ukucha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari lile, likiwekewa magunia thelathini ya kahawa, lingekatika vipande viwili kabla ya kufika Mbeya, likiwa na honi yake nzuri. Papo hapo furaha ikamjaa kifuani hata akaziba mdomo asicheke. Fedha ilikuwa bado mfukoni. Bado ilikuwa yake.

Alipogeuza shingo, miguu ilikuwa imekwenda.

Alitoka na vumbi hadi kwenye nyusi, akamshukuru Raphaeli kwa chai, akamwambia gari ni zuri ila yeye hana mzigo mwepesi kiasi hicho. Raphaeli hakuuliza ana maana gani. Enoka akarudi kwa mzee Abrahamu, na safari hii kabla hata ya salamu alivua koti, akalala chini ya lori la kijivu. Alikuta springi mpya na chesisi nzima, yenye kutu ya uzee tu. Mzee alimsogezea gunia la kulalia.

"Nilikuwa nangoja uanzie huko," mzee alisema.

Walikubaliana bei, ikabaki na ya petroli. Jumamosi lile lori lilipanda mpando wa Mlowo taratibu, likikohoa, likichoma makalio kama lilivyoahidiwa, na halikusimama. Enoka aliimba njia nzima. Jumatatu lilikuwa limepakiwa magunia, na mtu wa Mbeya akabaki na malori yake mawili.

Kisa kamili alikipata mwezi mmoja baadaye, Tabita aliporudi kutoka kumtembelea mama yake. Fundi aliyeliunga lori la buluu alikuwa jirani wa mama huko Nakonde, na kwa wiki mbili mama alikuwa akiliona limelala uani, tumbo wazi. Siku ile, akiwa kwenye karanga zake, alimwona mkwewe akitia mkono mfukoni. Alitafuta mtu wa kumtuma, lakini kila aliyemwona alikuwa mtu wa Raphaeli. Kusema naye hakuweza. Basi akaamua kutembea.

"Anasema," Tabita alimaliza, akijikaza asicheke, "safari nyingine ulale chini mwenyewe. Alisimama juani mpaka akadhani umepitiwa na usingizi."

Enoka alijifuta macho, wala hakuona haya kwamba mkewe anaona machozi.

Wiki ile alipata mzigo wa Tunduma. Alisimamisha lori mbali kidogo na soko, mahali ambapo muuza karanga mwenye kitambaa chekundu angeliona. Hakumtazama. Alivua koti, akalala chini ya gari zima lisilo na kasoro yoyote huko chini, akakaa humo muda uleule ambao mkwe alisimama juani. Watu walidhani dereva amerukwa na akili. Ila waliokuwa karibu na zile karanga wanasema yule mama alicheka hadi akamwaga kibaba kizima, na hakujali kuziokota.