Karatasi Juu ya Nailoni

Usiku wa kuamkia leo, katika ndoto, bawa la ndege lilikuja kupigwa eksirei.

Lilikuja kwa foleni kama wagonjwa wengine. Lilikaa kwenye benchi nje ya chumba changu, kati ya mama mmoja aliyefungwa mkono na dereva wa bodaboda aliyeanguka, na zamu yake ilipofika likaingia, likasema, "Shikamoo daktari."

"Marahaba. Lakini mimi si daktari. Mimi ni mtu wa eksirei."

"Hata hivyo," likasema bawa.

Nikaliambia lisogee kwenye mashine na lilegeze mabega. "Vuta pumzi. Usipumue." Likaacha kupumua, nikapiga. Picha ikatoka papo hapo, na ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mbavu nyembamba, zimejipanga vizuri, hakuna hata mmoja uliovunjika.

"Huna tatizo," nikaliambia. "Mbavu zako ni nzima."

"Najua ni nzima. Nimekuja kwa sababu sina ngozi."

Nikalitazama vizuri, ndipo nikalitambua. Lilikuwa bawa letu.

Hapa lazima nieleze, maana sehemu hii si ndoto. Naitwa Muganyizi, na kazi yangu ni eksirei, hapa hapa Bukoba. Baba mkwe wangu, Mzee Rutashobya, alikuwa mtu wa hali ya hewa. Maisha yake yote alipima mvua na upepo, na alipostaafu akaanza kutengeneza ndege ndogo za mbao nyepesi, zile ambazo unasokota mpira tumboni mwake, unaziachia, zinapaa. Tangu nimwoe binti yake, Kokuhirwa, tunazitengeneza pamoja. Mtu na mkwewe hawana mengi ya kuzungumza. Sisi tulikuwa na ndege.

Mwaka huu mzee amepasuliwa jicho, akawa anakaa kwetu mpaka apone. Mbavu za bawa hili alizichonga kabla ya upasuaji, nyingine kwa kupapasa tu. Kilichobaki ni kulivalisha, na hapo ndipo tulipokwama. Yeye anataka karatasi ya shashi, nyekundu, kama siku zote. Mimi nataka nailoni, ile nyembamba inayobana ikipitishiwa pasi, kwa sababu mvua za kwetu zikianza karatasi inalegea kama soksi kuukuu. Ndege yetu ya mwisho iliangukia kwenye migomba kwa sababu hiyo. Mzee anasema nailoni haikazi chochote, bawa linajikunja kama ulimi. Nikasema karatasi ni ya kufungia maandazi. Akasema nailoni ni ya kufungia mkate. Tangu hapo tunasalimiana, tunakula, tunasali, basi. Jumapili anarudi kwake Kamachumu.

Bawa lilikuwa linayajua yote hayo.

"Nimelala uchi mezani kwenu tangu Kwaresima," likaniambia. "Watu wanakula ndizi mbele yangu."

"Pole."

"Pole haifuniki."

Nikaona lina haki. Nikafungua mlango wa chumba cha kuoshea picha ili nilichukulie shuka. Nyuma ya mlango hapakuwa na shuka. Palikuwa na ukumbi wa parokia, umejaa watu, na wote walikuwa wananisubiri mimi.

Ni posa. Upande wa kulia umekaa ukoo wa Karatasi, wote wekundu, wembamba, wanapepea kila mtu anapofungua dirisha. Upande wa kushoto umekaa ukoo wa Nailoni. Hao ni watu wa heshima sana, ila naona ukuta kupitia vifuani mwao. Katikati amekaa mshenga. Mshenga ni pasi yetu ya nyumbani, ile yenye mpini ulioungua.

"Umechelewa, Muganyizi," anasema Pasi. "Nimeshapoa nikapashwa moto upya."

"Samahani. Nilikuwa na mgonjwa."

"Mgonjwa wako ndiye nyumba yenyewe. Mlaze hapo mezani."

Nikalilaza bawa mezani. Pasi akaueleza mkutano kwamba nyumba ni hii, ina mbavu nzima, na kinachotafutwa ni wa kuishi humo.

Baba wa Karatasi akasimama. "Binti yetu ana nguvu," alisema. "Akikaza, amekaza. Lakini hawezi kukaa na mtu asiyekunywa maji. Huyo kijana wenu mvua ikimnyeshea inatiririka tu, yeye hata habari hana."

"Kijana wetu hatoboki ovyo," akajibu mjomba wa Nailoni. "Binti yenu akiguswa na kidole tu, tundu. Na akinyeshewa analegea. Tumesikia."

"Mmesikia kwa nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Ni kweli analegea," nikasema. Sikuona namna nyingine ya kusema.

Bibi mmoja wa ukoo wa Karatasi akaanza kulia, na machozi yalipomfika mashavuni, mashavu yakalegea. Wajukuu wakamtoa nje, wakamweka juani. Baada ya muda wakamrudisha, amekaza kabisa, hakuna hata mkunjo. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu, na mimi sikuuliza.

"Swali limebaki moja," alisema Pasi. "Nani atalala upande wa ukutani?"

Nikagundua kwamba hadi wakati huo hakuna aliyefikiria kwamba wangelala wawili. Kila upande ulikuja kumtoa mwingine.

"Kitanda kimoja?" aliuliza mjomba wa Nailoni, taratibu.

"Kitanda kimoja. Mlidhani posa ni nini?"

Kabla hajajibiwa, mtu alipiga hodi.

"Karibu," tukasema.

Akaingia bwana mmoja mnene, mpole, amevaa koti la mvua, kofia kaishika mkononi. Mkono wa pili alibeba debe la vanishi. "Mimi ndiye adui," alijitambulisha. "Naitwa Uzito."

Nikamjua. Kila tunapojenga ndege, baba mkwe husema, "Uzito ndiye adui," nami nilidhani ni namna ya kusema tu.

"Nimesikia kuna watu wawili wanataka kuhamia nyumba moja nyembamba," Uzito aliendelea. "Mahali kama hapo mimi sikosi." Akavuta kiti, akakaa. Sakafu ikashuka. Madirisha yakapanda ukutani mpaka yakawa karibu na dari. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu alikuwa mgeni.

"Vanishi ya kukazia bawa nimekuja nayo mwenyewe," alisema, akipapasa debe. "Tupake, tukimaliza tupake tena, halafu tena. Sina haraka."

Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia baba mkwe. Alikuwa amevaa pajama zake za mistari, na jicho moja limefunikwa kwa kitambaa cha hospitali.

"Mpeni kikombe kimoja," alisema. "Kiwe chepesi. Msimwongeze."

Tukaichanganya ile vanishi na thina mpaka ikawa nyepesi kama maji, tukammiminia Uzito kikombe kimoja. Akanywa. Akasubiri kuongezwa. Hatukumwongeza. Akachungulia ndani ya kikombe, akakigeuza, akakirudisha mezani. Kwetu hapa, kumwangalia mgeni akigeuza kikombe kitupu ni jambo gumu sana. Kina mama wengine walitazama pembeni. Lakini baba mkwe hakusogea.

"Haya," alisema Uzito, bila hasira yoyote. "Naona hapa sitakaa." Akavaa kofia, akaaga kila mtu kwa mkono, akaondoka. Ukumbi ukapanda, ukapita kidogo pale ulipokuwa mwanzo.

"Mmeelewana?" baba mkwe akauliza.

"Nailoni ukutani, Karatasi nje," alisema Pasi.

"Sawa. Tuanze."

Nailoni akalala kwanza. Pasi akampitia taratibu, naye akafumba macho, akabana, akashikana na mbavu. Kisha Karatasi akalazwa juu yake. Akateleza. Akalazwa tena, akateleza tena, mpaka chini ya meza.

"Hanishiki," alisema Karatasi.

"Sina pa kushikia," alisema Nailoni. Sauti yake ilikuwa ya huzuni. "Ndivyo nilivyozaliwa."

"Vanishi haipakwi chini," alisema baba mkwe. "Inapakwa juu ya karatasi, inapenya katikati yake mpaka imfikie mwenzake. Ila ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta, mmoja anapaka. Muganyizi, njoo uvute."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwenye kazi tangu tugombane. Nikainua mikono nivute. Mikono ikanyooka pande mbili, na haikushuka tena.

Nimelala kwenye meza yangu ya eksirei, kifua wazi. Mbavu ni zangu. Bawa lenyewe limekaa kwenye benchi mlangoni, limevaa shati langu, linatusubiri.

"Baba," nasema, "nadhani kuna makosa."

"Hakuna makosa. Vuta pumzi. Usipumue."

Nailoni tayari yuko mbavuni mwangu, bado ana joto la pasi. Baba mkwe anatandaza karatasi nyekundu juu yake, nyuzi zake zikifuata urefu wa mikono, anaanzia katikati anakwenda nje, kama inavyotakiwa. Brashi ni ya baridi.

"Usicheke. Ukicheka unaleta makunyanzi."

"Sicheki."

"Umeanza."

Akapaka mpaka ukingoni. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Unajua kwa nini nilikataa nailoni?"

"Ulisema bawa linajikunja."

"Hilo ni la kusema mbele ya watu." Akachovya brashi, akaifuta ukingoni. "Siioni. Ile nailoni yako siioni, Muganyizi. Siku uliyoniletea kipande nikakishika dirishani, nikaona mkono wangu tu. Nikajua nikilivalisha bawa, sitajua nimeanzia wapi wala nimeishia wapi. Hii nyekundu naiona. Hata kwa jicho hili bovu, naiona."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema kwamba ningemwelekeza, kwamba hata mimi kuna siku siioni. Lakini nilikuwa sipumui.

"Usiseme kitu," alisema. "Utalegea."

Akajaza maji mdomoni, akanipulizia, kama watu walivyokuwa wakipulizia nguo kabla ya kuzipiga pasi. Karatasi ikalegea. Ukumbi ukarudi wote, pande mbili, wakasimama juu ya viti. "Analegea! Analegea!" walipiga kelele.

"Subirini," alisema baba mkwe.

Wakasubiri. Karatasi ikaanza kukauka, na ilivyokauka ikavuta, ikavuta tena, mpaka ikatulia. Chini yake nikamsikia Nailoni akisema, "Nipo."

"Nimekusikia," akasema Karatasi.

Baba mkwe akanigonga kifuani kwa kidole kimoja. *Ndu.* Akatega sikio. Akagonga tena. *Ndu.* Wanawake wakapiga vigelegele, na yule bibi akatolewa nje upesi kabla hajalia.

"Usishushe mikono mpaka ukauke," aliniambia. Akanibeba. Sikuwa mzito hata kidogo. Tulikuwa uwanjani sasa, kwenye nyasi fupi, na mzee akalowesha kidole, akakiinua juu. "Upepo hafifu," alitangaza, kama alivyokuwa akitangaza enzi za kazi yake. Hakunirusha. Aliniachia tu.

Ninapaa. Sijisikii kuogopa. Napita juu ya mabati, juu ya migomba, juu ya hospitali. Bawa linanipungia kwa mkono wa shati langu. Nyumbani Kokuhirwa anaanika nguo, anainua uso, anakinga jua kwa kiganja.

"Muganyizi, ukishuka pitia sokoni ulete vitunguu."

"Siwezi kushusha mikono."

"Basi vilete kwa mdomo."

Naona ni wazo zuri. Mvua inaanza kunyesha, ile kubwa ya kwetu, inanipiga mgongoni, nami nasubiri kulegea. Silegei. Chini kabisa, mtu mmoja mwenye pajama za mistari ameinua uso wake kwenye mvua, na najua ananiona, kwa sababu mimi ni mwekundu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mikono yangu ilikuwa imenyooka pande mbili, na mke wangu alikuwa ukingoni kabisa mwa kitanda, ameegemea kiwiko, ananitazama.

"Umelala hivyo hivyo," alisema Kokuhirwa. "Nimejaribu kukukunja, umekataa."

Nikamwomba radhi, nikavaa, nikatoka barazani. Mzee Rutashobya alikuwa ameshaketi na chai yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

Siku nyingine mazungumzo yangeishia hapo. Lakini mzee aliweka kikombe chini, akasimama, akanisogelea bila kunitazama usoni. Akanigonga kifuani kwa kidole kimoja, akatega sikio.

"Bado kidogo," alisema. "Kaa juani kwanza. Halafu ulete pasi, na ile nailoni yako. Karatasi ninayo."

"Bado nini?" Kokuhirwa aliuliza kutoka ndani.

Nikavuta kiti mpaka palipokuwa na jua, nikakaa, mikono nimeiinua kidogo.