Rejeta ya Makaa

Mwandawiro hakuwa mjinga, na tuliseme hilo mapema, maana siku ile uwanja mzima ulimwita hivyo. Mawe ya Voi yalikuwa yamemtobolea rejeta tatu za gari lake la mbio. Akang'oa ya nne kwa hasira, akayapitisha maji ya injini kwenye mabomba ya shaba ndani ya sanduku la waya lililojaa makaa yaliyoloweshwa, akalifunga juu ya paa. Ilikuwa ile ile friji ya makaa ya mama yake kule Marungu: makaa yanalowa, upepo unapita, maziwa hayaharibiki. Kama yanapoza maziwa, alisema, injini ni nini?

Na ilipoa kweli. Wiki nzima alijaribu kwenye lami ya Maungu, hadi mafundi wenzake wakaacha kumcheka.

Tabu ilikuwa binamu yake Sylus, dereva. Mshale wa geji ya joto ukitikisika kidogo tu, Sylus anaondoa mguu kwenye mafuta. Mwandawiro akachoka naye, akaukata waya wa geji kimyakimya. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijiambia.

Injini yenyewe aliiazima kwenye pikapu ya mama yake, Tryphena, ile inayobeba maji ya nyumbani na ya mbuzi. Wiki moja tu, aliahidi, na majirani wakamsaidia mama kwa wiki hiyo. Siku ya mbio ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mama akaja na mitungi kumi mitupu, waijaze mjini injini ikisharudishwa mahali pake.

Mizunguko ilikuwa kumi. Miwili ya kwanza Sylus aliwapita wanne, na Mwandawiro akajiona mtu. Wa tatu akaliona sanduku limegeuka jekundu. Lami haina vumbi, jamani! Hapa magari sita yalikuwa yanatimua vumbi jekundu la Voi, nalo likanata kwenye makaa mabichi, likawa tope, jua likalikausha kama tofali. Upepo haukuwa na pa kupita.

Wa nne, mvuke. Mwandawiro akavua shati, akalipunga. Sylus akadhani anashangiliwa, akapiga honi, akaongeza mwendo.

Mwandawiro akamkimbilia mwenye bendera ya kusimamisha magari. "Msimamishe, mzee wangu. Injini inakufa."

"Gari limepinduka?"

"Hapana."

"Linawaka moto?"

"Bado."

"Basi subiri kama wengine."

Akasubiri, angefanya nini? Alisimama kwenye kamba, shati mkononi, akiisikiliza injini ya mama yake ikigonga, kila mzunguko zaidi. Wa saba ilipiga kishindo kimoja, ikanyamaza mbele yake.

Sylus akatoka akicheka. "Leo sikuinua mguu hata mara moja. Geji haikutikisika kabisa! Imezima kwa nini?"

Mwandawiro akafungua boneti, akajaribu kuizungusha injini kwa spana. Haikusogea. Akakaa chini, akalia mbele za watu, mtu mzima.

Tryphena hakuwa ameelewa. Alisikia tu kwamba gari limesimama, akajua mbio zimekwisha. Akaja akikata vumbi, mtungi kila mkono.

"Pole, baba, utashinda siku nyingine," alisema. "Sasa itoe hiyo injini twende. Mbuzi hawajanywa tangu jana."