Mguu wa Nne

Walikuwa wameshakula kuku. Kuku wa Amongin, aliyechinjwa na Amongin, akapikwa na Amongin, na sasa Mwenyekiti wa mtaa alikuwa akichokonoa mabaki yake menoni kwa kibanzi alichookota chini ya mashine ya kukereza mbao. Firigisi alipewa yeye, kama heshima inavyotaka. Kisha akapiga muhuri kwenye karatasi ya urithi.

"Ukoo umeongea," akasema. "Mashine ni ya Emojong. Emojong tumemzika. Inakwenda kwa ndugu yake, huyu Ecweru. Wewe mama Ritah uko na mikono, utapata kazi."

"Kazi yangu ndiyo hiyo," Amongin akasema. "Miaka miwili yote ni mimi nakereza. Yeye kifua kilikuwa kinamuua."

Wazee wawili wa ukoo waliotoka Iyolwa wakacheka hadi mmoja akapaliwa na mchuzi.

Loo, wacha wacheke! Nani angemwamini? Yeye na mumewe walificha wenyewe. Emojong alikaa mlangoni akikohoa na kupokea wateja. Ndani, nyuma ya pazia la gunia, mkewe alishika patasi. Watu wa hapa Busia hawanunui kitanda kilichotoka mkononi mwa mwanamke, eti ndoa itavunjika. Uongo huo uliwalisha, ukamsomesha binti yao Ritah. Leo ndio unaomnyonga.

Ecweru alikwishatoa spana. Hakujua hata kuwasha mota. Mnunuzi wa mashine alikuwa akingoja ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya.

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti akamzuia. "Kitanda nilichoagiza kimebaki mguu mmoja kukerezwa. Nani atamaliza?"

Ecweru akatazama spana yake.

Amongin akainuka. Alifikiri, mjinga yeye, kwamba wakiona kwa macho yao watabadili neno. Akafunga kipande cha mvule kwenye mashine, akawasha, akaegemeza patasi. Maranda yakaruka. Hakupima kwa chochote ila vidole: aligusa mguu wa tatu, akarudi kwenye wa nne. Shingo, tumbo, pete mbili, kifundo. Akapiga msasa, kisha akachota konzi ya maranda yale yale na kuyabana kwenye mbao inayozunguka mpaka ikang'aa. Wazee walikuwa wameacha kutafuna.

Akazima. Mwenyekiti akaupapasa mguu juu na chini kwa vidole vyenye mafuta.

"Basi umeona," Amongin akasema. "Andika upya."

"Nimeona." Hakumtazama. "Lakini muhuri umeshapigwa, mama. Mimi si mtoto, niwe nabadilisha maneno."

Akamwashiria Ecweru, na spana ikaanza kulia kwenye nati ya kwanza. Kisha akaugeuza mguu, akaonyesha chini yake.

"Hapa hakuna alama. Ile herufi Emojong alikuwa anachoma na msumari. Weka."

"Emojong amekufa."

"Weka ya Emojong. Mke wangu hatalala kwenye kitanda cha mwanamke."

Nyuma yake Ecweru na wale wazee wawili waliinyanyua mashine, wakaitoa nje wakipigana vikumbo mlangoni. Amongin akautia msumari kwenye makaa yaliyopikia kuku. Ulipokuwa mwekundu akaushika kwa koleo, akachoma herufi ya mumewe, E, mistari yote minne. Mwenyekiti akainama karibu, akapuliza moshi, akahakikisha inasomeka.