Simsim kwenye Klachi

"Kanyaga!" Nunow alipiga kelele kutoka chini ya Landrova.

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapo hapo, usiachie!"

Akalegeza nati ya kutolea hewa. Mafuta yenye povu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, yakinuka simsim. Akaikaza nati. "Haya, achia." Ebla, mkewe, akainua mguu. Pedali ikabaki chini, imelala kama ngamia aliyekataa mzigo.

"Baba Timiro, tuko hapa tangu asubuhi."

"Kwani mimi sijui?"

Kosa lilikuwa la Nunow, na wote wawili walilijua. Klachi ile husukumwa na mafuta ya breki, na tangu itangazwe hali ya hatari, mafuta hayo hayauzwi Garissa bila kibali. Yalipopungua, alikwenda ofisini kuomba. Karani akamwambia alete gari likaguliwe kwanza.

"Haliendi, bwana karani. Ndiyo maana nataka mafuta."

"Sasa utapewaje mafuta ya gari lisilokwenda?"

Mtu utasema nini? Mwenye nguvu mpishe. Alirudi nyumbani akamimina simsim ya jikoni. Mafuta si mafuta? Klachi ikakubali siku chache, kisha mpira ndani ya silinda ukavimba kama andazi. Leo ameufungua, ameuosha kwa spiriti, ameukwaruza kwa kisu. Wapi!

"Jua linashuka," Ebla alisema.

Amri ilikuwa kila gari lilale ndani ya ua wa polisi. Likikutwa nje baada ya king'ora cha jioni, ni gari la shifta, wale waasi wa porini, linachukuliwa. Mbuzi wao walikwisha kuchukuliwa na askari mwezi wa Ramadhani. Kilichobaki cha kuwalisha watoto ni gari hilo, kubeba samli kutoka Bura.

"Panda. Tutakwenda bila klachi."

Akatia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, akasema Bismillahi, akawasha. Gari likaruka, likakohoa, likaondoka. Gia hakuigusa tena njia nzima, injini inalia hadi watu wakatoka madukani kutazama. Wakafika kwenye kizuizi cha polisi barabarani, na ua wa polisi ukiwa mbele yao pale pale, kabla ya king'ora.

"Simama!"

Akafunga breki. Injini ikazimika.

"Mbona linaruka hivi?" sajini aliuliza.

"Klachi, afande. Mafuta yake hayapatikani."

"Gari bovu haliruhusiwi barabarani. Rudisha nyumbani."

"Nikirudi, king'ora kitanikuta njiani. Mtalichukua."

"Na ukiliacha hapa umeziba njia. Tutalichukua vile vile."

"Lahaula! Afande, lango si lile pale?"

"Mimi sikutunga sheria, mzee."

Wakabishana mpaka king'ora kikalia. Sajini akatazama saa yake, ameridhika kabisa.

"Basi, limekamatwa. Washa, uliingize uani."

Nunow alitoa gia, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya boneti.

"Gari bovu haliruhusiwi barabarani, afande. Mimi siendeshi."

"Wewe!"

"Haye, Ebla, twende."

Walitembea bila kugeuka, Nunow mikono yote mafuta.

"Kesho watoto watakula nini?" Ebla aliuliza.

Nyuma yao askari walikuwa wameanza kulisukuma gari kuelekea langoni, wakiitikiana kwa sauti kubwa: "Harambee! Harambee!"