Kimo cha Syokau

Saa kumi na dakika kumi na mbili, alasiri ya Alhamisi, Kasiva alikuwa ofisini kwake katikati ya jiji, orofa ya tatu, simu ameiweka juu ya faili za bima. Binti yake, Syokau, wa miaka tisa, hufika nyumbani Muthangari saa kumi kamili, hufungua kufuli la mlango wa grili mwenyewe, hujifungia ndani, kisha humpigia mama. Mpaka simu hiyo ije, Kasiva hukaa roho mkononi na hafanyi kazi yoyote, hujifanya tu anasoma.

Alikuwa na sababu. Jirani wa mlango wa pili, mwanamume ambaye kazi yake haijulikani, alikuwa ameanza kuacha mlango wake wazi saa hiyohiyo. Mara mbili amemwambia mtoto aingie anywe soda akimngojea mama.

Simu ikaja saa kumi na dakika ishirini.

"Mum, nimeingia."

"Mbona umechelewa?"

"Kufuli iko juu. Nimepanda kwa begi." Kisha Syokau akauliza, bila lawama, "Maziwa ya asubuhi ulilipa na gani?"

"Nyeusi," Kasiva akasema.

"Ni sawa. Nilijua tu."

Kasiva alikuwa na kadi mbili za benki moja. Ya kijani huchukua pesa zilizomo kwenye akaunti. Zisipokuwemo, hukataa, basi. Nyeusi ni ya mkopo, nayo haikatai kitu. Ila kila ikipitishwa kwenye mashine, Syokau hupungua urefu. Mkate na maziwa ni unene wa ukucha. Mtungi wa gesi ni kidole kizima. Haumwi popote. Sketi ya shule, iliyokuwa ikimfika magotini, sasa ilimfika kwenye soksi, na Mwalimu Awiti alikuwa ameshamhamishia dawati la mbele. Darasani mwake walikuwa wanane wa namna hiyo. Shule ilimwagiza seremala viti vya chini, gharama ikaongezwa kwenye karo.

Kasiva angeitumia ile ya kijani siku zote, kama mshahara ungekuja. Zamani ulikuja tarehe tano, halafu kumi, na sasa ilikuwa tarehe kumi na saba bosi angali anasema "wiki hii". Wafanyakazi waliuliza kwa adabu, lakini dua la kuku halimpati mwewe. Msimamizi wa ploti wanayopanga alimshauri Kasiva ateremshe kufuli, naye akakataa katakata. Alisema mtoto ndiye atakayelifuata kufuli juu, kufuli halitamfuata mtoto chini.

Ijumaa, saa ya lanchi, alikwenda benki. Nisreen, karani wa kadi, msichana mpole, alimgeuzia kompyuta ajionee.

"Mkopo hutozwa ndugu wa karibu, mama. Iko ukurasa wa saba wa fomu."

"Deni si ni langu?"

"Deni ni lako. Kimo ndicho chake."

Kasiva alikumbuka vizuri alivyoijaza ile fomu. Baba yake alipofariki kule Mwingi, baba zake wadogo walifika benki kabla kaburi halijakauka, na mama yake akatoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo Kasiva, kila fomu ikimfikia, ya sako, ya bima, ya benki, pale pa ndugu wa karibu huandika Syokau. Hata wateja wake wa bima huwaambia waandike mtoto, wasiandike shemeji. Masikini, alidhani anamwekea mtoto mali, kumbe anamweka mtoto rehani.

"Basi badilisha. Niandike mimi mwenyewe."

"Tunabadilisha deni likiisha," Nisreen akasema. "Kwa sasa ukilipa ile kidogo ya kila mwezi, anabaki alivyo. Ukimaliza yote, anarudi kimo chake."

"Na wengine hufanyaje?"

"Wengine hulipa ile kidogo." Akampa peremende mbili za mtoto.

Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakutaja ni nani anayefiwa.

Jumamosi mama na binti walikwenda supamaketi ya Kilimani kununua unga, mafuta, sabuni na mayai. Janice, mwenye kaunta, aliijaribu kadi ya kijani mara mbili.

"Imekataa, madam."

Kwenye simu palikuwa na nauli ya Jumatatu tu. Nyuma yao watu walihamisha vikapu kutoka mkono huu kwenda mwingine. Kasiva aliogopa, tena waziwazi. Aliiona Jumatatu saa kumi, Syokau amepanda juu ya begi na begi halitoshi, na ule mlango wa pili ukiwa wazi.

"Toa mayai," akasema. "Na sabuni. Na mafuta."

"Na unga?" Janice akauliza.

Kasiva akauwekea mkono ule unga.

"Mum, tumia tu nyeusi," Syokau akasema. Alikuwa tayari amebana miguu na kunyoosha shingo, kama anayepimwa kliniki. Janice alimngoja asimame vizuri, akarudisha sabuni, mafuta na mayai kwenye hesabu, ndipo akaipitisha kadi.

"Pole, mrembo," akasema, na ikambidi ainame juu ya kaunta ili kumpa mfuko mwepesi, wa mayai.

Alasiri hiyo Kasiva alimwita Mulwa, fundi wa kuchomelea, ambaye huwangoja watu wamlipe mwisho wa mwezi. Mulwa alimsimamisha Syokau mbele ya grili, akamwambia anyooshe mkono, akachora chaki pale vidole vilipofika. Jirani alikuwa ameketi mlangoni pake, anatazama.

"Tunaweka kufuli hapa?" Mulwa akauliza.

Kasiva aliitazama ile chaki. Ilikuwa tarehe kumi na tisa, mshahara haujaingia, na kesho watahitaji maziwa.

"Weka chini zaidi."

"Chini kiasi gani, mama?"

Kasiva akainama, akaweka kiganja kimoja chini ya chaki, kisha akaongeza cha pili. Mulwa akachora mstari mpya, akavaa miwani yake, akamwambia mtoto asogee asije akaungua.