Mkaa Unaokunywa Rangi

Haya, nakutegea wewe, usimwangalie jirani yako. Maji yake nimeyanywa, nyama yake nimeikuna, nywele zake nimezisokota kamba, mifupa yake nimeitia motoni, na bado ananisafishia maji. Nani huyo? Usinipe mji, miji ninayo tele. Ni nazi.

Kule Kuliyapitiya, Sri Lanka, vifuu hurundikwa nyuma ya nyumba mpaka kuku wanataga humo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Gunasili, mama mmoja mtengeneza batiki. Alichora kwa nta, akachovya kitambaa rangini, akasuuza, na maji ya kusuuzia akayamwaga mferejini. Yanakwenda wapi, hakuwahi kujiuliza. Yalikwenda kwa jirani yake, Nandawati, aliyefulia maji ya mfereji huo huo.

Wawili hawa walikuwa chanda na pete. Kila Poya, siku ya mwezi mpevu, walikwenda hekaluni pamoja wamevaa nyeupe tupu, na Nandawati ndiye aliyempitia mwenzake, maua mkononi.

Poya moja sari ya Nandawati ikatoka kwenye kufuliwa ina mabaka ya bluu. Akadhani mkwe wake amezidisha nili ya kung'arishia nguo. Akamgombeza mpaka binti wa watu akalia. Kesho yake akauona mfereji wenyewe wa bluu, akaufuata hadi uani kwa Gunasili.

"Kumbe nili ni wewe," akasema. "Nimemliza mtoto wa watu bure."

Gunasili aliona haya, mikono yake yenyewe imeshika rangi hadi viwikoni. "Nisamehe, dada. Sikujua."

"Hukujua kwamba maji huteremka?"

"Nitayasafisha. Poya ijayo utanipitia?"

Nandawati akageuka akaenda zake.

Gunasili hakulala vizuri tangu hapo. Batiki hawezi kuiacha, ndiyo inayomlisha. Lakini kwenda hekaluni peke yake, apite mbele ya lango la Nandawati limefungwa? Alikuwa amesikia kwamba mkaa wa vifuu husafisha maji, basi akachota wa jikoni, akaujaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini, akapitisha maji ya rangi. Akamwita Nandawati aje na kitambaa cheupe.

Kitambaa kikatoka cha bluu, na masizi juu yake.

"Kwanza bluu, sasa nyeusi," akasema Nandawati. "Endelea, mdogo wangu. Ukifika njano, rangi ya majoho ya watawa, utaniambia niingie utawa."

Siku hiyo Siripala, shemeji yake Gunasili anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mkaa wa vifuu, alikuja kula wali. Akaiona ndoo, akacheka mpaka akapaliwa.

"Shemeji, maji umeyachuja au umeyachoma mishikaki?"

"Cheka, halafu useme. La sivyo sahani yako naiondoa."

"Huo ni mkaa wa kupikia, umeziba ndani. Wa kusafishia huchomwa tena kwenye pipa lililofungwa, ukishakuwa mwekundu unapulizwa mvuke. Hapo hufunguka vitundu ambavyo jicho halivioni. Rangi ikiingia, haitoki."

Wakachimba shimo, wakachoma vifuu na kuvifunika udongo visije vikawa majivu. Mkaa ukapondwa, ukarudishwa motoni ndani ya pipa la chuma lililozibwa kwa udongo, na mvuke wa birika kubwa ukaingizwa kwa bomba. Gunasili alitaka kufunua aone. Siripala akampiga kikofi mkononi, "Hiki si chungu cha mchuzi." Ulipopoa wakauosha mpaka ukaacha kutoa weusi, wakaupanga na mchanga kwenye pipa jingine. Maji ya rangi yakamiminwa juu. Chini yakatoka taratibu, tone kwa tone, kama yanafikiri.

Gunasili akabeba ndoo hadi kwa Nandawati, aliyekuwa barazani anamenya fenesi, mikono imepakwa mafuta.

"Umeniletea rangi gani leo?"

"Jionee mwenyewe, dada."

Nandawati akajifuta mikono taratibu, akaingia ndani. Hakutoka na kitambaa. Alitoka na sari mpya nyeupe. Gunasili akataka kumzuia, akachelewa. Sari ikazama ndooni, ikakamuliwa, ikatandazwa juani. Wakakaa.

"Mkaa huo ukishiba rangi?" hatimaye Nandawati akauliza.

"Nautoa, naweka mwingine. Na mfereji hauoni tena tone langu kabla halijapita humo."

Sari ikakauka. Nandawati akaigeuza upande huu na upande ule, akaipeleka karibu na macho, akaikunja.

"Nitakupitia," akasema. "Na mkwe wangu tutakuwa naye. Atatembea katikati yetu, sote wawili tuna deni la kumwomba radhi."